Waya Ulioishia Safu ya Tatu

Mwatima alikuwa akipiga makumbi ya nazi huku akisema peke yake. Gongo likishuka, "Mie." Likishuka tena, "nna." Likishuka mara ya tatu, "jambo." Anayepita nje ya ua angedhani anamtukana mtu kwa siri, maana sauti ilikuwa ya kunong'ona na uso kaukunja. Kumbe alikuwa akijifunza kusema. Mwanamke mtu mzima, mama wa watoto wanne, ambaye kwa mashoga zake mdomo hauna breki, asubuhi ile alikuwa akihifadhi maneno kama mtoto wa chuoni anayeogopa bakora.

Maneno yenyewe hayakuwa mengi. Alitaka kusema kwamba pale pwani, mahali ambapo mradi wa soko jipya la samaki unataka kumwaga kifusi, pana mashimo ya wanawake, na ndani ya mashimo mna makumbi yao. Basi. Lakini yalitakiwa yasemwe mkutanoni, mbele ya Sheha, kiongozi wa kijiji, na wageni na wanaume wote wa Mtondooni, na hapo ndipo palipokuwa na kazi.

Asiye wa pwani zile atauliza, mashimo gani. Kumbi la nazi likiwa kavu halitoi kamba. Wanawake wa Mtondooni hulichukua wakalifukia katika tope la pwani, maji ya bahari yakaja juu yake na kuondoka, miezi sita na zaidi, mpaka lioze vizuri. Ndipo hufukuliwa, likapigwa kwa gongo mpaka likatoa nyuzi ziitwazo usumba, na usumba ukasokotwa kamba. Kila mwanamke ana shimo lake, na shimo hurithiwa. La Mwatima lilikuwa la mama yake, na kabla ya hapo la bibi yake. Halina ukuta wala bango. Lina jiwe juu yake, na kila mwanamke analijua jiwe la mwenzake. Mwanamme anaweza kuishi Mtondooni mpaka akazeeka asijue shimo la mkewe liko wapi, kwa sababu hajawahi kuuliza. Maji yakijaa hakionekani kitu. Maji yakitoka, anayetazama kutoka barabarani huona tope na mawe tu.

Watu wa mradi walikuja kupima mara mbili, na mara zote mbili waliona tope na mawe.

Katika shimo la Mwatima mlikuwa na makumbi ya tangu kabla ya Ramadhani. Kamba za shimo lile ndizo zilizomfikisha bintiye Rahila kidato cha nne, maana Kificho, mumewe, alikuwa Unguja akijengea watu nyumba, na salamu zake zilikuja mara nyingi kuliko matumizi. Karafuu si za kila mwaka, na mikarafuu ina wenyewe. Shimo lilikuwa lake. Likimwagiwa kifusi hatakuwa na cha kupiga wala cha kusokota, na tope la kuozesha makumbi halipatikani kila pahala. Upande wa pili wa kijiji ni mwamba mtupu.

"Salaam aleikum," Moza alisema, akiingia uani bila kungoja jibu. Moza alikuwa shoga yake, jirani yake wa nyumba na jirani yake wa shimo. "Ushajitayarisha?"

"Waaleikum salaam. Hebu niseme, weye unisikilize." Mwatima akaweka gongo chini, akasimama, akafunga kanga upya ingawa haikuwa imelegea. "Mie nna jambo. Pale..."

"Pale wapi?"

"Weye wanitazama."

"Sasa nitazame wapi, Mwatima? Na hao watakutazama. Watakuja na macho."

"Basi seme weye. Weye unajua kusema."

Moza akacheka. "Mie najua kutukana. Nikipewa ile spika nitamtajia Sheha mamaake, kisha twende polisi sote. Weye ndiye una maneno ya adabu."

Mwatima akalichukua tena gongo. Maneno ya adabu alikuwa nayo kweli, tatizo lilikuwa kuyatoa. Na haukuwa ugonjwa wa kuzaliwa nao. Miaka mingi nyuma alimsindikiza mama yake katika ofisi moja mjini Unguja, kufuatilia haki za marehemu baba yake. Dirishani akaeleza shida yao kwa maneno ya nyumbani, ya Kipemba, kama alivyozoea. Kijana aliyekaa nyuma ya meza akamwambia arudie. Akarudia. Kijana akamwita mwenzake, "Njoo umsikie huyu," na Mwatima akaambiwa arudie tena. Wakacheka, wala si kwa ubaya, kama watu wanavyomcheka mtoto anayeanza kusema. Mama yake alikuwa kwenye benchi nyuma, kashika mkoba mapajani. Walirudi Pemba bila ya kuuliza walilokwendea. Tangu siku ile, Mwatima akimwona mtu amekaa nyuma ya kitu, meza au kaunta au dirisha, maneno humkauka mdomoni.

Hata dukani. Asubuhi ile alikwenda kwa Mbarouk kununua sukari na sabuni na ndimu mbili. Wanaume watatu walikuja baada yake na wakahudumiwa kabla yake, na yeye akasimama pembeni akisoma maandishi ya mifuko ya unga. Ilipofika zamu yake Mbarouk akamwambia sukari imepanda. Ilikuwa imepanda wiki iliyopita pia. Mwatima alitaka kuuliza imepanda kwa sababu gani, na mbona mfuko ni ule ule wa jana. Akasema, "Haya," akapunguza sabuni.

Ndimu zilikuwa za mikono. Makumbi yaliyooza yana harufu yake, na harufu hiyo haiondoki kwa sabuni. Wanawake wa makumbi hawaisikii, wameizoea, lakini wanajua wengine wanaisikia. Harusini hukaa karibu na mlango. Mwatima alijisugua kwa ndimu mpaka kwenye viwiko, akavaa buibui lake jeusi, akatoka na Moza.

Mkutano ulikuwa kwenye uwanja wa skuli. Turubai lilifungwa toka usiku, na meza ikatandikwa kitambaa cheupe na chupa za maji. Viti vya wanafunzi vilipangwa mbele kwa ajili ya wanaume. Nyuma yao ilitandikwa mikeka, na hapo ndipo pa wanawake. Hakuna aliyeamrisha hivyo. Mwanamke akifika hupita pembeni akaenda mkekani mwenyewe, kama maji yanavyokwenda bondeni. Kipaza sauti kilikuwa na waya uliotoka dirishani mwa darasa. Waya ulipita chini ya meza, ukapita safu ya kwanza ya viti na ya pili, ukaishia safu ya tatu. Viti vilikuwa safu tisa.

Nyuma ya meza alikaa Sheha Nassor, kofia ya kiua kichwani na miwani mfukoni. Kulia kwake alikaa mgeni mkubwa wa siku ile, mhandisi wa mradi, mtu wa bara aitwaye Gregory, mpole, mwenye shati la mikono mifupi lililopigwa pasi vizuri. Kushoto kwake Shehe Abdulnasir, mzee wa msikiti, ambaye kazi yake ilikuwa kufungua kwa Kurani na kufunga kwa dua. Kule Mtondooni mkutano haufungwi na mwenyekiti. Hufungwa na fatiha, na fatiha ikishasomwa jambo limekwisha. Mwenye neno aliloacha kusema huondoka nalo nyumbani.

Mwatima alilijua hilo. Alijua ana muda wa kuanzia salamu mpaka dua, si zaidi.

Sheha akasalimia, akasifu, akashukuru. Kisha mhandisi Gregory akasimama. Alieleza soko litakavyokuwa, meza za vigae, maji ya bomba, barafu, mahali pa kuegesha magari ya kupeleka samaki Mtambile na Chake. Ilikuwa khabari nzuri na Mwatima hakuwa na ugomvi nayo. Soko alilitaka. "Na jambo lililotufurahisha zaidi," mhandisi akasema, "ni kwamba eneo tulilopata ni tupu. Hakuna nyumba, hakuna shamba, hakuna mtu hata mmoja atakayeondolewa."

Wanaume wakapiga makofi. Moza akamfinya Mwatima pajani.

Wakati wa maswali ukafika. Mzee mmoja akauliza kama kutakuwa na choo. Mwengine akauliza vijana wa kijiji watapewa ajira. Kila anayeuliza alikwenda kwenye kipaza sauti au kipaza sauti kikamfikia. Mwatima aliinua mkono. Aliuinua kidogo, mpaka sikioni, kama mtu anayetengeneza mtandio. Sheha hakuuona, au hakutaka kuuona. Akauinua zaidi. Safari hii macho yao yakakutana.

"Mama, ukiwa na neno njoo huku mbele," Sheha akasema, na spika mbili zikaipeleka sauti yake mpaka msikitini. "Waya haufiki huko."

Wanaume wakageuka. Safu sita za viti zilikuwa baina yake na kipaza sauti, zimebanana, magoti kwa migongo. Angepita angelazimika kusema samahani kwa kila mtu, na kila mtu angevuta miguu na kanzu yake, na harufu ya mikono yake ingepita nayo juu ya vichwa vyao. Mwatima alinyanyuka nusu. Akalitafuta lile neno la kwanza, "Mie," na hata hilo hakulipata.

Akakaa.

"Basi, ahsante," Sheha akasema. "Akina mama wako pamoja nasi." Na akamwita mwengine.

"Mwambie Zubeir," Moza akamnong'oneza. "Hayuko mbali na spika. Aseme yeye."

Ndivyo ilivyokuwa kawaida. Mwanamke mwenye neno mkutanoni humpa ndugu yake wa kiume, au mumewe, au mwanawe, naye akalisimamisha mbele za watu. Zubeir alikuwa kaka yake wa tumbo moja, mkubwa kwake, mjumbe wa kamati ya Sheha, na alikaa kwenye safu ya nne, pembeni. Mwatima alizunguka nje ya turubai kwa kuinama, asionekane, akaja mpaka nyuma ya kiti chake, akachuchumaa, akamvuta kanzu.

"Kaka."

"Una nini?"

"Waambie mashimo yetu yapo pale. Makumbi yamo ndani, hayajaiva. Wasimwage kifusi mpaka tuyatoe, na watupe pahala pengine penye tope. Soko tunalitaka. Waambie hivyo tu."

Zubeir alimsikiliza, kichwa kakiinamisha. Akaitikia kwa kutikisa kichwa. Mwatima alirudi mkekani mwepesi, karibu acheke. Jambo lilikuwa rahisi vile, na yeye alikuwa hakulala.

Zubeir akaomba nafasi, akapewa. Aliusogeza ule waya kwa mguu, akakohoa, akashika kipaza sauti kwa mikono miwili. "Mheshimiwa mhandisi, Sheha wetu, Shehe wetu. Mie sina swali. Dada yangu hapa nyuma kaja kunipa neno la akina mama. Akina mama wa Mtondooni wanasema wameupokea mradi kwa mikono miwili. Wanashukuru sana. Ombi lao ni dogo, kwamba mambo yakishakuwa mazuri na wao wasisahauliwe."

Wanaume wakapiga makofi. Na mkekani wanawake wakapiga makofi, kwa sababu makofi yakianza mbele hufika nyuma, na Moza akapiga, na Mwatima akaitazama mikono yake mwenyewe ikipiga makofi. Alipotambua akaisimamisha, lakini ilikuwa ishapiga.

Mhandisi aliinama kidogo kuelekea mikekani, mkono kifuani. Alikuwa na furaha ya kweli. "Ahsanteni sana, mama zangu," akasema.

Halafu kila kitu kikaenda haraka. Sheha aliangalia saa, akasema wageni wana safari, akamkaribisha Shehe Abdulnasir. Watu wote wakainua mikono.

Shehe alikuwa na sauti nzuri ya dua, ya polepole, inayoacha nafasi ya watu kuitikia. Akamsalia Mtume. Akawaombea wagonjwa, waliotangulia, na walio safarini.

"Amin," watu wakaitikia.

"Ewe Mola wetu, tunakushukuru kwa ardhi uliyotujaalia, isiyo na ugomvi wala madai."

"Amin."

"Na tunakushukuru kwa ridhaa ya watu wake, wanaume kwa wanawake."

"Amin."

Mikono ya Mwatima ilikuwa juu kama ya wengine, viganja viwili mbele ya uso. Jua lilikuwa limepanda na jasho lilikuwa limeyala maji ya ndimu. Akaisikia harufu ya shimo. Miaka yote ile alikuwa hajaisikia sawasawa kama wanavyoisikia watu wengine, na sasa aliisikia, nzito, ya tope na ya kitu kinachooza kwa makusudi, na ilikuwa harufu ya mama yake. Hasira zikampanda. Hazikuwa za Sheha tu. Alijikasirikia mwenyewe kwa "amin" mbili alizokwisha kuzitoa, ya ardhi na ya ridhaa.

Akaishusha mikono.

"Ewe Mola, wazidishie moyo huo wa kuridhia," Shehe akasema, akaacha nafasi.

"Sie hatukuridhia," Mwatima akasema.

Haikuwa sauti kubwa. Ila ilianguka mahali ambapo watu wote walikuwa wakivuta pumzi ili waitikie, na "amin" zikakatika, nyengine katikati. Shehe Abdulnasir akafumbua macho. Vichwa vikageuka safu kwa safu.

Yale maneno aliyoyahifadhi asubuhi yalikuwa yamevurugika yote. Aliyatoa kinyume, ya mwisho mwanzo. "Makumbi yamo. Hayajaiva, ya tangu kabla ya Ramadhani. Pale si patupu, pana mashimo. Mashimo yana wenyewe, ni sie hawa. Mie nilimwambia kaka aseme, na kaka hakusema nilomwambia."

Mbele, Zubeir aliinamisha kichwa kama mtu anayetafuta kitu chini ya kiti.

"Bibi," Sheha akasema, bila kipaza sauti, "tumo katika dua."

Shehe Abdulnasir alimtazama Mwatima, akafumba macho, na hakurudia pale alipoachia. Kuhusu ardhi na ridhaa hakusema tena neno. Akaomba kheri kwa ujumla, kwa maneno machache, akasema, "Al-Fatiha." Midomo yote ikacheza, mikono ikapita nyusoni. Mkutano ukawa umefungwa.

Watu wakainuka. Nyuma ya darasa palikuwa na sufuria la biriani la wageni na soda kwenye ndoo ya barafu. Mhandisi Gregory hakuelekea huko moja kwa moja. Alimshika Zubeir mkono. "Yule mama alikuwa anasemaje? Sikumpata vizuri."

"Aa, mambo ya akina mama hayo, mhandisi," Zubeir akasema. "Wana vimakumbi vyao vya kufanyia kamba. Si kitu."

Mwatima alikuwa ameshavipita viti. Hakukumbuka alivipita vipi. Alikuwa amesimama hatua mbili kutoka kwenye meza, na mikono yake hakuificha.

"Usimuulize yeye, baba," akasema. "Niulize mie. Mie ndiye niliyesema."

Mhandisi akageuka. Hakucheka. Akauliza mashimo yako mangapi, naye akamjibu kwamba hajapata kuyahesabu, ni pwani nzima, kutoka kwenye mikoko mpaka penye jiwe kubwa. Akauliza mbona hayaonekani. Mwatima akasema anayepita barabarani hawezi kuyaona, na wao waliopima hawakumuuliza mtu. Mhandisi akaikuna shingo. Ilikuwa wazi kwamba amesikia, na ilikuwa wazi pia kwamba angependa asingesikia.

"Kikao kishafungwa, mhandisi," Sheha akasema taratibu. "Fatiha ishasomwa. Neno likija baada ya fatiha hatuna pa kulitia."

"Lilikuja kabla," Mwatima akasema.

"Lilikuja ndani ya dua. Dua si ajenda."

Mhandisi aliwatazama wote wawili, akatazama saa. "Mama, mimi nawahi boti. Fanyeni hivi, andikeni barua. Muipitishe kwa Sheha, itanifikia."

"Huo ndio utaratibu," Sheha akasema, akamwonyesha mgeni njia ya kwenda kwenye biriani.

Zubeir alimngoja dada yake nje ya lango la skuli. Uso ulikuwa umemvimba. "Umenivua nguo mbele za watu."

"Nilokwambia uliyasema?"

"Nilisema la kufaa. Weye hujui mambo haya yanavyokwenda. Wameniahidi ulinzi wa soko, Mwatima. Ukisimama kupinga, kazi itakwenda kwa mwengine. Na mie nikipata kazi, weye na wanao mtakosa?"

"Ungeniambia toka pale, ningemtafuta ntu mwengine wa kunisemea."

"Mwengine nani? Mie si ndiye kakaako?"

"Hakuna mwengine," Mwatima akakubali. "Basi ndiyo maana nikasema mwenyewe." Akaendelea na njia.

Wanawake walikuwa wamesimama kivulini, chini ya ukuta wa skuli, na alipofika mazungumzo yakakatika. Bi Zulekha, mkubwa wao wote, aliyefukia makumbi tangu Mwatima hajazaliwa, akamshika kiganja. "Kukata dua si jambo zuri, mwanangu. Utubie."

"Ndiyo, Bi Zulekha."

"Ndiyo nakwambia." Bibi akausogeza mdomo karibu na sikio lake. "Na shimo langu ulilitaja?"

"Nimesema yote."

"Yote si langu. Siku nyengine utaje kwa jina."

Ilikuwa siku ya maji mafu, bahari haikutoka sana, lakini shimo la Mwatima lilikuwa upande wa juu, na baada ya alasiri jiwe lake likajitokeza. Alishuka na karai la makumbi mapya kichwani. Kule ng'ambo kisiwa cha Makoongwe kilionekana karibu, na mabati ya nyumba zake yaling'ara. Alikunja buibui, akaingia mpaka magotini, akalisukuma jiwe pembeni, akaanza kuchimba kwa mikono. Moza alikuwa amekaa ukingoni juu ya viatu vyake, hana hamu ya kitu.

Lori la kifusi lilifika wakati huo. Lilikuja kwa kurudi nyuma kutoka barabarani, likipiga kelele zake za tahadhari, likasimama penye majani, magurudumu kando ya tope. Dereva, kijana wa bara, jina lake Heriel likiwa limeandikwa kwa rangi juu ya kioo, akatoa kichwa dirishani.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba."

"Naambiwa nimwage hapa. Hapana mtu, eti?"

Mwatima akanyooka. Tope lilimfika viwikoni. Dereva alikuwa amekaa juu, nyuma ya usukani na kioo, na alingoja kujibiwa.

"Pana," Mwatima akasema.

"Wapi? Mbona naona mawe?"

"Hilo jiwe la mbele yako ni la Moza, ndiye huyo aliyekaa. Lile jeupe ni la Bi Zulekha. Yale mawili yaliyoegemeana ni ya Bi Salha na mkewenza, hawasemezani lakini mashimo yao ni jirani. Hilo dogo ni la marehemu Mwanakombo, wanalitumia wakweze. Kule kwenye mikoko ni la Bi Time, na la bintiye, na lile lenye kijiti ni la mtoto wa bintiye, ndiyo kwanza kachimba mwaka huu. Na hili ni la mama yangu."

Alikuwa akinyoosha kidole, na maneno hayakumkauka mdomoni. Hilo alilitambua baadaye. Heriel alifuata kidole kwa macho mpaka mwisho wa pwani, akawa anayaona mawe moja moja.

"Sasa mimi nifanyeje, mama? Mimi nimetumwa tu."

"Najua umetumwa. Nani kakwambia hapana ntu?"

"Huko juu. Wamesema mkutano umepitisha."

"Basi waambie huko juu umepaona, na wenyewe umewakuta."

Dereva akalitazama tope kando ya magurudumu. Kisha akasema tope lile litameza tairi, hata angetaka hawezi kushuka. Kifusi akakimwaga palepale alipo, juu ya majani, rundo la mawe meupe na vipande vya matofali, vumbi likawafikia wanawake wawili na kuwakalia. "Kesho asubuhi linakuja katapila," akasema, kama anayeomba radhi. "Lenyewe litasukuma." Akaondoka.

Mwatima akarudi kuinama. Alichukua kumbi la kwanza karaini, akalikandamiza chini kabisa kwenye maji ya tope, akalitia jengine juu yake. Moza alimtazama mpaka karai likafika nusu.

"Yale yaliyomo huyatoi, na mapya wayafukia?"

"Yale hayajaiva. Nikiyatoa leo ni taka."

"Na haya yataiva lini? Kesho si watapafukia?"

"Watapafukia."

"Sasa?"

Mwatima alilaza kumbi jengine, akalipiga kwa kiganja likae. "Walikuwa wapafukie, kisha waseme hapakuwa na ntu," akasema. "Kufukia watafukia. Hilo jengine hawatalisema."

Akarudisha tope juu, akalisukuma jiwe la mama yake mpaka likakaa mahali pake. Moza akaviacha viatu ukingoni, akakunja nguo, akashuka na yeye. Akauliza kama makumbi yamebaki.